Ule mfuko niliousifia

Mpendwa dada Mwanaidi,

Salamu nyingi. Natumaini mafua yamekwisha na shemeji hajambo. Mimi mzima. Nimechelewa kukujibu, na sitasingizia kazi. Ujumbe wako nimeusoma mara nne, na kila nikifika pale uliposema ulitetemeka mpaka alfajiri, ukavaa kila nguo uliyokuwa nayo hadi koti la mvua, nashindwa kuendelea.

Mfuko ule wa kulalia uliununua kwa kuniamini mimi. Ni mimi niliyeandika, kwenye habari zangu za kujaribu vifaa vya safari, kwamba unafaa hadi nyuzi -2, nikaongeza kwamba nililala usingizi mzito. Wewe umelala kwenye nyuzi 1 ukateseka. Kwa hiyo kabla ya yote, nisamehe. Rafiki yangu Fundi ananiambia nisijilaumu, kila mtu ana mwili wake. Sawa, lakini hilo ndilo nililotakiwa kuliandika, na sikuliandika.

Jana usiku nimefungua daftari langu la majaribio. Unajua niliulalia usiku mara ngapi? Mara tatu. Kipimajoto kilionyesha 6, kisha 5, kisha 3. Hakuna usiku hata mmoja ulioshuka chini ya sifuri. Ile -2 niliichukua kwenye lebo nikaiandika kana kwamba nimeipima mwenyewe. Nimeumia kuliona hilo kwa mwandiko wangu.

Na lebo yenyewe haikudanganya. Ina namba tatu, mimi nikachukua moja. Ngoja nikueleze zinavyopatikana, kwa sababu naona ukizijua hutamhitaji mtu kama mimi akuchagulie. Kuna kipimo kilichoanzia Ulaya mwaka 2002, EN 13537, na siku hizi kinachotumika ni ISO 23537. Maabara inalaza ndani ya mfuko sanamu lenye ukubwa wa mtu mzima, lenye nyaya za kulipasha joto na vihisi mwili mzima. Linavishwa nguo za ndani ndefu na soksi, linawekwa juu ya godoro kwenye chumba cha baridi. Kisha wanapima ni nguvu kiasi gani inahitajika ili ngozi ya sanamu isipoe. Ikihitajika nyingi, mfuko unavujisha joto. Kutoka hapo wanakokotoa namba ya starehe, ambayo inamhesabu mwanamke wa kawaida aliyelala akiwa amejinyoosha vizuri. Namba ya mpaka, inayomhesabu mwanamume aliyejikunja asipoteze joto. Na ya tatu ni ya hatari, ambapo unapigania uhai tu. Hiyo ya tatu usiitazame kabisa unaponunua.

Mfuko wako una starehe ya 4 na mpaka wa -2. Ulilala kwenye 1. Yaani ulikuwa nyuzi tatu chini ya namba iliyokuhusu, na taarifa hiyo ilikuwa imeshonwa ndani ya mfuko muda wote. Mimi ninalala moto, nyumbani najifunua usiku, na nikaandika kama mtu anayewaandikia watu wenye mwili kama wangu peke yao.

Hata hivyo naliamini sanamu lile kuliko ninavyojiamini. Halichoki, halina siku mbaya, kwa hiyo mifuko miwili iliyopimwa nalo unaweza kuilinganisha. Lisichokijua ni kwamba wewe ulitembea kwa muda wa saa tisa, ukafika jioni umelowa jasho, ukalala ukiwa umechoka kiasi cha kutotaka kula. Mwili wa namna hiyo hauzalishi joto la kutosha, na mfuko hauna joto lake, unatunza lako tu.

Halafu kuna jambo la godoro, ambalo hukulitaja, nami nalishuku sana. Ulilalia lile la povu jembamba, la bluu? Manyoya ya bata yaliyojazwa ndani ya mfuko, yale yaliyo chini ya mgongo wako, yanabanwa na uzito wako, na yakibanwa hayashiki hewa, kwa hiyo hayakingi kitu. Upande wa chini unategemea godoro. Magodoro yanapimwa kwa namba ya R, ambayo ikiwa kubwa godoro linakinga baridi zaidi: bamba la moto juu, bamba la baridi chini, godoro katikati, halafu wanaangalia joto linapita kwa kasi gani. Zamani kila kiwanda kilipima kwa njia yake, namba za huku hazikulinganishika na za kule, mpaka kipimo cha pamoja, ASTM F3340, kilipotoka 2018. Uzuri wake ni kwamba R zinajumlishwa. Ukiweka la povu lenye 2 chini ya la hewa lenye 3, umepata 5. Mimi kwenye zile siku tatu nililalia godoro nene la majaribio, na hilo pia halimo kwenye nilichoandika. Hata neno moja.

Naona nimeanza kukufundisha badala ya kukuomba radhi. Nivumilie, ndivyo ninavyofikiri.

Uliniuliza kama vitu vingine nilivyosifia navyo ni hivyohivyo. Swali zuri, na limeninyima usingizi. Shanta sina wasiwasi nalo, nilibeba kilo 14 kwa wiki sita na mikanda ikashika. Tochi ya kichwa niliiwasha mpaka ikafa, saa mkononi, kwa sababu zile saa zinazoandikwa kwenye boksi huhesabiwa mpaka mwanga ubaki sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, na kwa mwanga wa namna hiyo huoni jiwe mbele yako. Viatu nilivaa cha zamani mguu wa kushoto na kipya wa kulia, njia ileile, kisha nikabadilisha njia. Hapo nasimama bila hofu.

Koti la mvua ndilo lililobaki. Nilisimama nalo chini ya bomba la kuogea dakika ishirini, nikatoka mkavu, nikaandika "halipitishi maji". Maabara nayo inasimamisha maji juu ya kitambaa mpaka yapenye, na koti likiandikwa milimita 10,000 maana yake limevumilia nguzo ya maji ya mita kumi. Lakini koti jipya karibu lote litafaulu. Shida inakuja baadaye, pale jasho, vumbi na msuguano wa mikanda vinapoua ile dawa ya juu inayofanya matone yateleze. Kitambaa cha nje kinalowa, jasho lako halina pa kutokea, unajikuta umelowa kutoka ndani na unadhani koti limevuja. Wiki tatu hazionyeshi hilo. Angalau mwaka mmoja. Kama lako limeanza kunywa maji mabegani, lifue kwa sabuni yake, kisha lipashe joto kidogo kama lebo yake inaruhusu, kabla hujakata tamaa nalo.

Na huyu mhariri wangu anataka habari ndani ya wiki mbili tangu kifaa kifike. Wiki mbili! Kampuni inaazima kifaa, inakitaka kirudi, mwenzetu wa upande wa pili tayari ameandika, basi wote tunakimbizana kuelezea kitu kinachotakiwa kudumu miaka mitano. Nimemwambia kuanzia sasa kila habari yangu itaandikwa idadi ya siku, baridi niliyoipata kwa kipimajoto changu mwenyewe ndani ya kambi, na kitu nilicholalia. Utabiri wa hali ya hewa wa bondeni hausaidii, kwani kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi sita hivi. Amekubali nusunusu. Zuhura anasema nisimwachie, na simwachii.

Sasa ombi langu, na ukikataa sitanuna. Nahitaji mtu anayelala baridi. Nina mifuko minne ya kujaribu, lebo zote nitazifunika kwa karatasi ya gundi, usijue ipi inadai nini. Unalala, asubuhi kabla ya kuzungumza na mtu unaandika: uliamka mara ngapi, baridi ilianzia wapi, ulivaa nini. Nami nitalala kwenye hema la pili na mfuko wa aina ileile, godoro lenye R sawa na lako. Namba zako na zangu zitachapishwa pamoja, zako juu. Mfuko wa usiku ule niachie mimi, nitaulipa, hilo tusibishane.

Ila kwanza nijibu. Baridi ilianzia mgongoni au miguuni? Kofia ya mfuko uliifunga kamba, au uso ulikuwa wazi? Zile soksi ulizolala nazo ndizo ulizotembea nazo? Huo mfuko huwa unautunza umebanwa kwenye kigunia chake au umeutandaza kabatini, maana manyoya yakikaa yamebanwa miezi hayafumuki tena vizuri? Na shemeji, alilala kwenye mfuko wa aina hiyohiyo usiku huo, au wake ni ule mzito? Yeye alisemaje asubuhi? Na tarehe za mwisho wa mwezi ujao una nafasi?

Andika hata mistari miwili.

Kaka yako,
Salim