Pimeni samadi kwa maharage kabla ya kuimwaga matutani

Ndugu Mhariri,

Mvua inakaribia, na wakulima wa mboga wa Lubumbashi wanaanza kununua samadi. Mnunuzi huangalia rangi, hunusa, hubinya mkononi. Hayo yote hayamwonyeshi kama ng'ombe alikula majani yaliyopuliziwa dawa ya kuua magugu.

Dawa zenye hatari hiyo ni klopiralidi, aminopiralidi na pikloramu. Zinaiga homoni ya ukuaji, zinaua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi salama. Mnyama akizila zinapita tumboni bila kuvunjika, zinatoka na kinyesi na mkojo. Kuozesha mboji hakutoshi kuzimaliza, hata biwi likipata joto la nyuzi 60. Huko Spokane, Marekani, mboji iliyotengenezwa vizuri iliharibu bustani za watu kwa sababu ya klopiralidi, na Uingereza ilisimamisha uuzaji wa aminopiralidi mwaka 2008. Sehemu chache katika bilioni zinatosha kukunja majani ya maharage, na ndiyo sababu maharage yenyewe ni kipimo kizuri.

Chota samadi sehemu kumi za lundo, ndani kabisa na si juu tu, uichanganye. Tafuta udongo safi. Hapa mjini jambo hili lina uzito wake: udongo wa kaskazini-magharibi mwa bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Gécamines una shaba nyingi, na shaba peke yake hudumaza maharage. Chukua udongo wa mbali na mji. Kata chupa sita za maji za lita moja na nusu, toboa matundu chini. Tatu zijaze samadi iliyooza na udongo, nusu kwa nusu. Tatu nyingine udongo mtupu. Kila chupa iwe na kisahani chake, kwa maana dawa hizi huyeyuka kwenye maji, na maji ya chupa moja yakiingia nyingine kipimo kimekufa. Panda maharage manne na mahindi mawili katika kila chupa, mbegu za fungu moja, uziweke juani.

Mbolea ya kuku ina chumvi na amonia nyingi. Hiyo weka sehemu moja kwa tatu za udongo, ukijua kwamba dawa nayo imepunguzwa makali na dalili zitakuwa hafifu.

Subiri wiki tatu. Katika baridi ya Juni na Julai ongeza wiki moja au mbili. Wengi hukosea hapa: wanaona majani mawili ya kwanza yamefunguka vizuri, wanamwaga chupa. Majani hayo yalikwisha kuumbwa ndani ya mbegu. Tazama yale ya vidole vitatu yanayofuata. Penye dawa hujikunja kama kikombe, mishipa inabanana, jani linakuwa jembamba lenye mikunjo, shina linajipinda na kilele kinaacha kukua.

Mahindi ndiyo yanayoamua kesi. Maharage yakijikunja na mahindi ya chupa hiyohiyo yakanawiri, shuku dawa. Vyote viwili vikiungua kingo au kudumaa, ni chumvi, amonia au samadi mbichi; iache ioze, upime upya. Maharage ya udongo mtupu nayo yakijikunja, kosa liko kwenye mbegu, maji au udongo wenyewe. Geuza jani pia: vidukari hukunja majani, na virusi huacha mabaka ya kijani kilichofifia na kilichokolea. Kipimo hiki hakigundui kila dawa; glaifosati, kwa mfano, hushikwa na udongo, maharage hayataionyesha.

Samadi iliyoshindwa isiuzwe kwa mwingine. Imwage kwenye shamba la mahindi matupu, bila kuchanganya maharage, nyanya wala viazi, na mabua yake yasirudi kwenye mboji. Vijidudu vya udongo wenye hewa na unyevu huivunja dawa polepole, kwa hiyo upime udongo huo kwa njia hiihii kabla ya kurudisha maharage.

Tunaviomba vyama vya wakulima wa mboga vichukue ndoo moja ya samadi kwa muuzaji wiki nne kabla ya kulipia lori zima, na vimuulize malisho ya ng'ombe wake yalipuliziwa nini na lini.

Wasomaji wenu,
Lubumbashi