Barua kwa mwanangu Chebet, kabla ya safari ya Tekapo

Mwanangu Chebet,

Nimesikia kwa shangazi yako, si kwako, kwamba wikendi ya sikukuu ya Matariki mnatoka Christchurch kwenda Ziwa Tekapo, huko huko New Zealand, kuangalia nyota. Ungeniambia mimi kwanza. Nimeendesha trela kutoka Mombasa hadi Malaba tangu hujazaliwa, na mambo ya barabara ndiyo ninayoweza kukushauri bila kuuliza mtu.

Ni nani atakayeshika usukani?

Kaka yako amenisomea habari za huko kwenye simu, na naelewa kwa nini mnakwenda. Tangu 2012 eneo hilo ni hifadhi ya anga la giza, zaidi ya kilomita 4,300 za mraba, na taa za nje hufunikwa juu ili mwanga usipande angani. Juu ya Mlima John kuna kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Canterbury. Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wenyeji Wamaori wanaliita Matariki, huchomoza alfajiri majira haya, na tangu 2022 serikali yao imekipa siku ya mapumziko. Nimewaambia watu wa jumuiya kwamba binti yangu atakitazama akiwa huko, wakafurahi sana.

Lakini alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, Chebet. Trela nyingi nilizozikuta zimelala kwenye mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa zilianguka kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, dereva akiwa macho wazi huku akili imelala. Na hilo giza mnalolifuata, barabarani nalo ni giza lile lile.

Usiniambie umezoea baridi ya kwetu. Nakuru yetu iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Tekapo ni kama mita 710 tu, lakini sisi tuko karibu na ikweta na nyinyi mko nyuzi 44 kusini, katikati ya majira ya baridi. Lami huko hushika barafu nyembamba ambayo macho hayaioni. Hutangulia kwenye madaraja, kwa sababu upepo baridi hupita juu na chini, kisha kwenye kona zenye kivuli. Gari likiteleza, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aondoe mguu kwenye mafuta na usukani auelekeze polepole. Mwenye gari awe na minyororo ya magurudumu, na awe ameshajaribu kuifunga mchana.

Basi laleni huko huko. Mkishakiona Kilimia, rudini kitandani, gari lisiwashwe hadi jua lipige lami. Kama pesa ya chumba ni tatizo, sema, nitatuma. Mama yako anasema mtu aliyekuwa akiondoka Mombasa saa nne usiku huku watoto wanamngoja Nakuru hana mdomo wa kusema haya. Nimemsikia. Bado nayasema.

Maji ya ziwa usiyaingie hata wenzako wakikuita. Ile rangi ya samawati inatokana na unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya milimani, kwa hiyo elewa yanatoka wapi. Ufuoni kuna kanisa dogo la mawe la mwaka 1935. Pita hapo uombe, tangu Pasaka hujanitajia ibada hata moja.

Hapa tuko salama. Bati la jikoni linavuja tena na fundi anataka mbao mpya. Usitume kitu, gharama hizo ni zangu. Karo ya kaka yako imebaki kidogo. Viazi vimepanda bei, mama yako ameanza kununua gunia Molo na kuuza kwa debe hapo nje, na biashara hiyo anaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Anauliza kama bado unalo lile blanketi la sufu.

Saa kumi na mbili asubuhi kwenu ni saa tatu ya usiku wa jana yake kwetu, nitakuwa macho. Nipigie mkiwa bado Tekapo, kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo, na unitajie jina la dereva.

Baba yako