Salim, anza na trela

Houston, Texas

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako imefika, na nimeisoma pamoja na lile tangazo la Chevrolet Tahoe uliloambatanisha. Umeuliza kama itatosha kuivuta BMW yako ya E46 M3 kwa trela kutoka Fort Worth hadi uwanja wa mbio wa Cresson, na mara mojamoja hadi Austin kwenye Circuit of the Americas. Jibu fupi ni kwamba huenda ikatosha, lakini namba uliyoiangalia siyo inayoamua. Tangazo linakupa uzito ambao gari linaweza kuvuta. Kinachokwisha mapema, karibu kila mara, ni uzito ambao gari linaweza kubeba mgongoni mwake, kwa sababu sehemu ya uzito wa trela hukaa juu ya gari lenyewe.

Kwa hiyo ningependa uanzie upande wa pili: kwanza M3, halafu trela, na gari la kuvuta liwe la mwisho.

M3 yako ina uzito wa karibu pauni 3,400, yaani kilo 1,540. Trela ya chuma ya wazi yenye sakafu ya futi 18 na ekseli mbili huwa karibu pauni 2,100 ikiwa tupu. Ongeza seti ya pili ya magurudumu, pauni 180 hivi, madumu mawili ya petroli ya galoni 5, jeki na sanduku la vifaa, weka jumla ya pauni 400. Unafika pauni 5,900, karibu kilo 2,700. Huo ndio mzigo wako halisi, na ndiyo sababu trela ya kawaida kwa kazi hii ni ya kikomo cha pauni 7,000 pamoja na shehena, yenye ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja. Yenye ekseli moja usiifikirie hata ikiwa bei ni ya kutupa. Tairi likipasuka kwenye ekseli moja umebaki na chuma kinachokwaruza lami, ila kwenye ekseli mbili lililobaki upande huo hukupa nafasi ya kupunguza mwendo na kutoka barabarani salama.

Sasa uzito wa shingoni. Shingo ya trela inatakiwa iukandamize mpira wa chuma nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na shehena yake. Kwako ni kati ya pauni 590 na 885, lenga 750. Ukiwa mdogo mno trela huanza kuyumba mkia, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo kuyumba kunavyokua. Ukizidi, nyuma ya gari inalala, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika matawi ya miti.

Fungua mlango wa dereva wa hiyo Tahoe, utaona stika nyeupe yenye rangi ya njano kwenye fremu. Inataja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa jumla. Chukua mfano wa pikapu ambayo stika yake inasema pauni 1,450. Wewe na rafiki yako ni pauni 380, vifaa na jokofu la maji pauni 200, chuma cha kuvutia pauni 50, shingo ya trela pauni 750. Jumla 1,380. Imebaki pauni 70, na hujampakia mtoto wala hema. Pikapu hiyohiyo tangazo lake lilisema inavuta zaidi ya pauni 9,000! Na usitegemee stika ya jirani: magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja, hupishana kwa pauni mia kadhaa kwa ajili ya paa la kioo, viti vya umeme na gia za magurudumu manne. Stika inayohusika ni ya gari lile lile utakalolinunua.

Ukishapita hapo, tazama umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari refu halisukumwi ovyo na mkia wake. Tahoe ya kizazi unachokitazama ina inchi 116, Suburban ina 130, na F-150 ya milango minne yenye sehemu fupi ya mizigo ina 145. Tofauti hiyo utaihisi kwenye barabara kuu ya I-35 lori la magurudumu 18 likikupita kwa kasi na upepo wake kukupiga ubavuni. Najua moyo wako uko kwa Land Cruiser, na Series 200 iliyouzwa Marekani ilipimwa kuvuta pauni 8,100, lakini ni inchi 112 tu na stika yake haina ukarimu. Kwa uzito wako ningechukua pikapu ya nusu tani, yaani daraja la F-150, au Suburban kama unataka watoto wakae vizuri.

Namba za kuvuta zenyewe ziamini zaidi kama zimepimwa kwa SAE J2807, kanuni ya pamoja ya wahandisi wa magari. Kabla ya kanuni hiyo kila kampuni ilijipimia ilivyopenda. Toyota ndiyo iliyotangulia kuitumia, mwaka 2011, na wengine wakafuata. Moja ya majaribio yake ni kupanda mlima wa Davis Dam kule Arizona, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na gari halitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Hapo ndipo rejeta na giaboksi hujulikana.

Hakikisha pia gari lina vifaa vya kuvutia vya kiwandani: kipozeo cha mafuta ya giaboksi, soketi ya pini 7, na kidhibiti cha breki za trela. Soketi bapa ya pini 4 inapeleka taa peke yake. Breki za trela hazitapata umeme. Hapa Texas sheria inadai breki kwa trela yenye uzito unaozidi pauni 4,500, lakini hata isingedai, M3 na trela vinaposukuma kwa nyuma breki za gari peke yake hazistahimili mteremko mmoja mrefu. Dai breki kwenye ekseli zote mbili. Trela nyingi za bei nafuu huwa nazo kwenye moja tu. Leseni yako ya Class C inatosha, hilo lisikusumbue.

Kuhusu trela ya kufunikwa: inapendeza, inaficha gari, na vifaa unavifungia ndani. Lakini ya futi 24 huanza na pauni 4,000 au zaidi ikiwa tupu, na ukuta wake wa mbele unapambana na upepo njia nzima. Hapo unahitaji pikapu ya robo tatu tani, daraja lililo juu ya nusu tani, na mafuta utayalipia kila safari. Kwa mtu wa siku za mazoezi uwanjani, ya wazi ndiyo sahihi. Ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu, ila bei yake ni kubwa. Ingekuwa una Mazda Miata ya pauni 2,350 ningekusihi ununue ya alumini, kwa sababu ingekuruhusu kuvuta kwa gari dogo la familia lenye kikomo cha pauni 5,000. Kwa M3 hata alumini haikuokoi na pikapu.

Ukienda kuiona trela, nenda na futi ya kupimia. M3 ni pana karibu inchi 70, na nafasi kati ya madigadi ya trela huwa karibu inchi 82. Inaingia, lakini mlango wako utagonga digadi na hutaweza kutoka. Tafuta trela ambayo digadi la upande wa dereva linafunguliwa kwa pini, la sivyo utakuwa unatoka dirishani ukiwa umevaa ovaroli. Kwa kuwa gari lako limeshushwa springi, sakafu iliyoinama nyuma kwa futi mbili na rampu ndefu ni lazima. Rampu fupi zitavunja bampa ya mbele. Chungulia chini: pete za kufungia mikanda ziwe zimechomelewa au kufungwa kwa boliti kwenye fremu, zisiwe zimeshikwa na mbao tu.

Halafu matairi, na hapa nisikilize kwa makini kuliko pote, maana ndiyo yanayoharibu safari nyingi. Trela ya pauni 7,000 mara nyingi huja na ST205/75R15, tairi maalumu la trela, la daraja C, ambalo kila moja hubeba pauni 1,820 likiwa na psi 50. Manne ni 7,280, yaani akiba ni ndogo mno. Weka daraja D: pauni 2,150 kila moja kwa psi 65, jumla 8,600, ila thibitisha kwanza kwamba rimu zinakubali upepo huo. Jaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni, tairi likiwa baridi. Upepo ukipungua ubavu hujikunja zaidi, unapata joto, na kwa lami ya Texas ya mwezi wa 8 tabaka la juu linabanduka na kung'oa digadi. Baadhi ya matairi ya aina hii yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, hata kama bango la barabarani linaruhusu 75. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita liondoe hata kama kashata zake ni nzima, kwa kuwa trela hukaa juani muda mrefu na mpira huoza kabla ya kulika.

Beringi zifunguliwe, zisafishwe na kupakwa grisi upya kila miezi 12 au maili 12,000. Ekseli nyingi zina chuchu ya kupigia grisi kutoka nje, na watu huipiga kwa nguvu mpaka grisi inapita sili ya nyuma na kulowesha breki shu. Trela hiyo hukuvutia upande mmoja ukifunga breki. Ukinunua iliyotumika, vua dramu zote nne uone kwa macho yako. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya maili 50 za kwanza, futi-pauni 90 hadi 120 kwa boliti za nusu inchi.

Mpira wa kuvutia uwe wa kipimo kilekile cha kichwa cha trela. Ule wa inchi 2 unaingia kwenye kichwa cha inchi 2 na 5/16, unaonekana umefunga, kisha unachomoka kwenye tuta. Ukishafunga, inua kwa jeki ya shingo mpaka nyuma ya pikapu inyanyuke kidogo, ikishikilia, imeshika. Minyororo ipite chini ya shingo kwa kupishana. Swichi ya dharura, ile inayofunga breki za trela ikichomoka, ijaribu hivi: chomoa plagi ya trela, vuta pini, kisha sogeza gari taratibu. Magurudumu yakizunguka, betri yake imekufa. Vitabu vya pikapu nyingi za nusu tani hudai pia vyuma vya kugawa uzito mzigo ukizidi pauni 5,000, kwa hiyo viweke kwenye bajeti.

Kurekebisha nguvu ya breki ni kazi ya dakika chache. Kwenye barabara tupu na kavu, trela ikiwa na gari juu, enda maili 25 kwa saa na ubane kitufe cha mkono cha kidhibiti. Ongeza kidogokidogo mpaka magurudumu ya trela yafunge, halafu rudisha nyuma kidogo. Trela ikianza kuyumba njiani, kitufe hichohicho ndicho dawa: toa mguu kwenye mafuta, usukani uushike wima, bana breki za trela peke yake. Ukikanyaga breki za gari unaipa trela nafasi ya kukupita.

Kupanga M3 juu ya trela ni hesabu. Kutoka mpira hadi katikati ya ekseli za trela hiyo ni kama futi 14. Ukisogeza gari la pauni 3,400 mbele kwa inchi 6, shingo inaongezeka karibu pauni 120. Kwa hiyo usikisie. Pita kwenye mizani ya CAT kwenye kituo cha malori: pima gari na trela pamoja, kila ekseli kwenye sahani yake, kisha acha trela na upime gari peke yake likiwa na watu walewale. Ekseli mbili za gari trela ikiwa imefungwa, ukitoa uzito wa gari peke yake, ndiyo shingo. Ukipata 750, piga alama ya rangi kwenye sakafu pale magurudumu ya mbele yaliposimama, na siku zote simama hapo.

Funga kwa mikanda minne ya inchi 2 yenye uwezo wa kazi wa pauni 3,333, na ipite juu ya matairi. Ukifunga kwenye chasisi, springi zinacheza na mkanda unalegea. Tairi halichezi hivyo. Simama baada ya maili 15 uikaze tena. Jioni baada ya uwanja usiweke hendibreki, pedi zenye joto hugandamana na diski. Weka gia na vigingi vya magurudumu. Na weka winchi yenye uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari, kwa sababu siku utakayoihitaji trela kuliko zote ni ile ambayo M3 haiwaki.

Kabla hujalipa chochote, nitumie picha ya stika ya mlango wa Tahoe, na ukiipata trela, picha ya kibati chake na namba za DOT za matairi yote manne. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Wako,
Hamisi