Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kusomea Uzamili wa Misitu

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

Tumepokea kwa furaha kubwa habari kwamba umekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Baba yako ameshawaeleza majirani wote, hata wale wasiouliza. Mimi nafurahi pia, ila tangu nilipoambiwa kwamba mwenzako mliyesoma naye amerudi kazini akiwa amemaliza masomo ya darasani lakini hana shahada, kwa sababu tasnifu yake, yaani andiko la utafiti wake, haijakamilika hadi leo, usingizi wangu umepungua.

Masharti ya kuingia hayanitii hofu. Shahada ya kwanza unayo, wastani wako wa alama unatosha, na vyeti pamoja na barua za waliokufundisha umekwisha kuviwasilisha. Wapo wanaoingia huko wakitokea kwenye botania, kilimo au wanyamapori, nao hulazimika kujifunza upya namna ya kupima mti, ilhali wewe ulianzia chuo cha misitu cha Olmotonyi kwa stashahada na ukawa mtu wa porini kabla ya kuwa mtu wa vitabu. Hilo najivunia kwa moyo wote. Ila mtu aliyezoea msitu huona kuandika kuwa ni kazi ya baadaye, na wewe tangu uajiriwe ripoti zako za robo mwaka unaziandika usiku wa kuamkia siku ya kuziwasilisha. Tasnifu haiandikwi hivyo.

Masomo ni ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza utakaa darasani kwa takwimu, mbinu za utafiti, upimaji na uchumi wa misitu, na mitihani yake, na sina shaka utafaulu. Mwaka wa pili ni wa utafiti, na hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu huwezi kuingia msituni kabla pendekezo la utafiti halijakubaliwa na msimamizi wako na idara, na likishakubaliwa bado unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa hifadhi za serikali kuu, au ridhaa ya serikali ya kijiji kwa msitu wa kijiji. Sasa hesabu miezi, mwanangu. Ukimaliza mitihani katikati ya mwaka bila pendekezo lililo tayari, utalihangaikia hadi Oktoba, na mvua za Novemba zitakukuta hujapima miti ya hata kiwanja kimoja. Mvua zetu huku unazijua: barabara za Mufindi hazitapitika vizuri hadi Mei. Kwa hiyo andika pendekezo hilo ukiwa bado darasani, tangu muhula wa kwanza, hata kama wenzako watasema una haraka.

Uliniambia unataka kulinganisha kaboni iliyomo katika misitu ya asili ya Mufindi na ile ya milima ya Uluguru. Mada ni nzuri, lakini ni ya kikosi cha watu. Kila kiwanja cha duara chenye nusu kipenyo cha mita 15 kinadai kamba, vigingi, mtu wa kutambua miti kwa majina, na kila shina lipimwe kipenyo kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, wakati mwingine kwenye mteremko ambao hata kusimama ni shida. Chagua msitu mmoja na swali moja. Muulize msimamizi wako mapema ni wanafunzi wangapi anaowasimamia na huchukua muda gani kurudisha sura ya tasnifu aliyopelekewa, kisha mpelekee sura moja moja, usingoje hadi zote zikamilike. Tasnifu itasomwa na watahini, akiwemo wa nje ya chuo, nao hawatazingatia kwamba ulikuwa kazini.

Kuhusu kazi, usiondoke bila barua ya mwajiri ya ruhusa ya masomo. Neno la mdomo la mkuu wa idara halitakulinda akihamishwa. Baba yako husema ni mimi niliyekushawishi uajiriwe kwanza na masomo yafuate, na kwamba ungekuwa umemaliza zamani. Sitabishana naye kwenye barua hii.

Ada tutaitafuta, lakini misindano ya shamba la bondeni hatutaiuza. Wanunuzi wa mbao wanapita kila wiki wakitaja bei ya miti michanga, na nilishangaa kwamba wewe, bwana misitu mzima, ndiye uliyependekeza tuikate kabla ya umri wake. Tutaanza na fedha za parachichi, na mjomba wako ameahidi kuongezea. Bati la jiko litasubiri. Mdogo wako amekwisha kufyeka barabara ya kuzuia moto kuzunguka shamba kwa sababu kiangazi kimekuwa kikali, na anauliza kama utamwachia buti zako za zamani. Mwambie zako utazihitaji, tutamtafutia nyingine.

Kabla hujasafiri, nitumie kwa simu picha ya barua ya ruhusa. Na ukishakutana na msimamizi, nitumie pia ratiba ya miezi mliyokubaliana, yenye tarehe ya pendekezo na tarehe ya kila sura ya tasnifu. Nitaibandika ukutani na nitakuwa nikikuuliza.

Ni mimi,
Mama yako