Kanga isiyo na "wewe"

Besançon, Jumamosi, 23 Novemba 2024

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na usininunie kwanza. Najua nimekaa kimya miezi miwili, na zile meseji zangu za "nipo, nimebanwa" umezihesabu kuwa dharau. Leo nimekaa kitako niandike barua kwa sababu nina shida, na nikikutumia kwa sauti utacheka tu bila kuielewa.

Shida ni bibi mwenye nyumba.

Hanitesi, usimwambie mama hivyo. Ana miaka 78, ambayo kwa hesabu za hawa Wafaransa ni "sitini na kumi na minane". Namba ya simu huitaja mbilimbili, kwa hiyo unaandika sita, kumbe mwenzio alikuwa anaelekea sabini, unafuta. Kijana mmoja wa Bukavu darasani kwetu yeye husema "septante", sabini ya neno moja, kama walivyoachiwa na Wabelgiji, na Waswisi hapo ng'ambo ya mpaka husema vivyo hivyo. Ndiye ninayezungumza naye Kiswahili, kile chao cha "aksanti sana". Lakini nimepotea, turudi kwa bibi.

Wiki ya kwanza nilimwita Madame na kumwambia "vous", yaani "wewe" ya heshima, kama tulivyofundishwa Mlimani: mkubwa, mwalimu, usiyemjua, "vous", rafiki, mtoto, paka, "tu". Jumapili ya pili akaweka uma chini, akasema nimwite Monique, na kuanzia leo tuambiane "tu". Rehema! Mtu rika la bibi yetu wa Pangani! Na neno lenyewe likoje: "tu", kama letu, wewe tu, si kitu kingine. Linamvua mtu cheo chote.

Utaniambia Kiswahili wote ni wewe, rais wewe, kuku wewe. Ni kweli, lakini sisi heshima tunaimaliza mlangoni. Ukishasema shikamoo, hilo "wewe" linalofuata halina makali tena. Hapa hakuna shikamoo. "Bonjour" anapewa dereva wa basi, bibi, na mtoto wa chekechea, sawasawa. "Vous" ndiyo ilikuwa nguo yangu pekee ya kujisitiri, naye ananiambia niivue.

Basi nikaanza kuzunguka. Simwiti chochote. "Chai ipo tayari." "Usingizi ulikuwa mzuri?" Siku moja nimeuliza, "Kuna mtu anataka mkate?" na jikoni tuko wawili. Mwalimu anasifu jinsi ninavyojua kutumia "on", lile "mtu" lisilomtaja yeyote, hajui kisa chake.

Halafu nikajifanya mjanja, nikamweleza habari ya shikamoo, nikidhani ataelewa. Ameelewa anavyojua yeye. Kesho yake kaja jikoni na gauni lake la asubuhi, kaniangalia usoni: "Shikamoo!" Mimi! Kijiko kikanianguka. Nikamwambia hapana, mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Akasema, "Sawa, na mimi siruhusiwi kukuheshimu?" Akasubiri marahaba. Ningeitoa wapi? Nikamrudishia shikamoo. Hadi leo kila asubuhi shikamoo mbili zinagongana pale juu ya birika na hakuna wa kuzipokea.

Ningeliacha likawa la kuchekesha, lakini Jumapili iliyopita alinipeleka kule juu ngomeni, ile ya Vauban, mjenzi wa ngome wa zamani. Kilima chenyewe kinakata pumzi, na yeye ndiye alikuwa ananisubiri. Ukifika juu unauona mto Doubs umeuzunguka mji wa kale, umebaki mlango mdogo tu. Akanionyesha upande aliozaliwa Victor Hugo, yule mwandishi, mwaka 1802. Aliondoka mchanga wa wiki chache, lakini mji haujakubali kwamba aliondoka. Tukacheka. Kisha akaniuliza, taratibu, kama amenikosea. Ameona simtaji. Miezi miwili, simtaji.

Huyu ni mtu aliyeninunulia kikaango changu peke yangu, sikumwomba, kwa sababu chake hukaangia soseji za Morteau, na hizo ni nguruwe. Aliyenilisha cancoillotte, jibini la kuvutika kama mrenda, akakaa ananitazama hadi nikatabasamu. Nikataka kumjibu pale pale, nikakuta kila sentensi inanidai "tu" au "vous". Nikasema nimeshikwa na baridi.

Na juzi theluji ilipoanguka akatoka kibarazani na ndara, nikapiga kelele, "Attends, tu vas tomber!" Yaani ngoja, utaanguka! Na hiyo "tu" ilitoka yenyewe. Akageuka anacheka hadi machozi. Mimi nikamwomba radhi. Kwa "vous".

Sasa naomba unitafutie kanga Kariakoo, doti moja, rangi zilizopoa, nimpe Krismasi. Tatizo ni jina. Lazima ataniuliza maana yake, na nikitafsiri nisikwame tena. Kwa hiyo jina lisiwe na "wewe", wala "nakupenda", wala "nakushukuru". Nilifikiria "Wema hauozi", lakini katika nyumba ambayo jibini huachwa hadi linuke ndipo lisifiwe, sina hakika litapokelewaje. Halafu nikaja kwenye "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Hapo anayeambiwa njoo ni mimi, kwa hiyo "tu" inapita. Wewe unaonaje? Ipo madukani siku hizi, au wamejaza yale ya mafumbo ya kusutana? Salma anapita Paris tarehe 10 Desemba, mkabidhi, nitamfuata kwa treni. Ni kweli kadi ya Mwanaidi imevunjika, au ni maneno ya Kidude? Mama anasemaje juu ya goti? Na wewe, yule wa Morogoro umemjibu, au unamwita kwa kuzungukazunguka kama mimi?

Kanga iwe ya pamba, usinidanganye.

Wako,
Zuhura