Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wauza Vipodozi wa Busia, Uganda

Ndugu wanachama, wazee wetu na akina mama, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua: tulizika, tulichangia arusi, tulitembelea wagonjwa, tukapokea wenzetu 6 wapya, sasa tuko 84. Hesabu atazisoma mhazini.

Nataka nizungumzie yale makatoni 5 ya mafuta yaliyobandikwa tarehe nyingine, na kwa nini kamati iliyapeleka kwa wakaguzi, maana maneno ya sokoni yamenifikia hadi nyumbani.

Mwezi wa Agosti mteja alirudisha kopo la mafuta ya kujipaka. Nililishika mwenyewe. Stika ya tarehe ilikaa upande. Nilipoibandua kwa ukucha, chini yake wino ulikuwa umefutwa nusu, mwaka 2022 bado unasomeka, na harufu ya asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, haijatoka. Katika stoo ya mwenzetu tulikuta makatoni 5 ya namna hiyo. Kamati ikaamua, nami nikatia saini: mzigo uende kwa wakaguzi wa Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na yeye asimamishwe miezi 6.

Mnasema ningeyamaliza ndani ya chama. Ningeyamalizaje? Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 346, kinataka lebo ionyeshe mtengenezaji, viambato, namba ya bechi (yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Krimu ikigundulika ina zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi zilizopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu, namba ya bechi ndiyo inayoonyesha makopo yapi yaondolewe madukani. Ukiikwangua, mama aliyeungua uso hana pa kuanzia. Na wakaguzi wana uwezo wa kisheria wa kukamata mzigo wa aina hiyo na kuuharibu. Wangekuja bila sisi kuwaita, wangeanza duka la kwanza hadi la mwisho, lako na langu.

Mwenzetu alijitetea kwamba aliuziwa hivyohivyo kwa jumla. Mimi nilikaa usiku nikasoma. Hata Marekani, sheria yao ya mwaka 1938 inakataza kubadilisha, kufuta au kuondoa lebo ya kipodozi kikiwa kimewekwa kwa kuuzwa, hata kama si mauzo ya kwanza. Sisi wa rejareja hatuna pa kujificha. Sikumchukia mtu. Ningefanya vilevile kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Linaloniuma ni hili: wanaolalamika zaidi, siku ile ya kikao hawakuja. Leo pia nahesabu watu 29. Ada ya mwaka hawajalipa 52. Nauli ya kupeleka mzigo, shilingi 60,000, ilitoka mfukoni mwangu na sijarudishiwa hadi leo.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutamwalika mkaguzi atufundishe kusoma lebo kabla ya kununua, na ikiwezekana tupate ofisi. Yote yanategemea ada. Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni.