Majimbo 16 kati ya 232

Mhariri,

Ile habari yenu ya mwezi uliopita, iliyosema vyama vidogo ni vya mfukoni na havina watu, imenichoma. Nalisoma gazeti hili tangu vyama vingi viliporudi Tanzania mwaka 1992 na sijawahi kuwaandikia.

Watu wapo. Oktoba 1995 nilikuwa wakala wa NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani, katika kituo kimoja cha kura, darasa la shule ya msingi. Tulihesabu kwa mwanga wa karabai, mafungu ya kura yakiwa juu ya madawati, kila fungu limebanwa kwa mpira. Fungu la aliyeongoza lilikuwa nene kuliko letu, lakini sisi wapinzani tukijumlishwa tulimzidi. Wazee waliopanga foleni tangu kabla ya jua kuchomoza hawakuharibu kura zao, ila ziliishia palepale kama zilizoharibika. Na nchi nzima kura za walioshindwa zilipotea hivyohivyo! NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura za ubunge, ikaambulia majimbo 16 kati ya 232. CUF, nacho cha upinzani, kwa asilimia 5, ikapata 24, kwa kuwa watu wake walikuwa pamoja, hasa Pemba, na wetu walitawanyika. CHADEMA iliizidi CUF kwa kura, ikapata majimbo matatu. CCM, chama tawala, kwa asilimia 59 ikabeba 186, yaani manane katika kila kumi. Hata bila kura moja kuibwa, utaratibu wa anayeongoza kuchukua kiti peke yake unaleta matokeo hayo. Halafu mnaandika hatuna watu?

Na aliyechoshwa na vyama vyote hana pa kwenda. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, iliamua mwaka 2013 katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi, asiye na chama, ni kumnyima haki. Mbona hilo hamliulizi kila wiki?

Msiniambie kugawa viti kwa uwiano ni hesabu ngumu. Viti maalumu vya wanawake hugawiwa hivyo, kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5 ya kura za ubunge. Nusu ya majimbo yaunganishwe, viti vyake vigawiwe kwa hesabu hiyohiyo. Nanyi, kwenye jedwali la matokeo la uchaguzi ujao, ongezeni safu ya kura za walioshindwa, jimbo kwa jimbo, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wakala wa zamani